Filimbi ya Pikapu Nyeupe

Miezi kumi na tisa mfululizo, Mama Nyaya alimpokea mtu aliyemuua binti yake kwa tabasamu na glasi ya maji baridi. Usimwone mwema. Alikuwa anamsubiri ateleze, na tabasamu ni kitu rahisi kukivaa ukijua unalivalia nini.

Yeye alikuwa fundi umeme wa magari, mwanamke pekee katika gereji iliyo nyuma ya kituo cha mafuta, na jina la Mama Nyaya alipewa na wenzake kwa sababu kila mfuko wa overoli yake ulikuwa na kipande cha waya. Mfuko wa kifuani tu ndio haukuwa na waya. Humo aliweka futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa, ya manjano, iliyochakaa pembeni. Ilikuwa ya binti yake. Kitinda mimba huyo alikuwa mwaka wa pili chuo cha ushonaji, na alikuwa anavuka barabara saa tisa alasiri, penye mistari myeupe kabisa, gari lilipomfuata. Dereva alikuwa mwenye duka la vigae na masinki, anatoka kwenye chakula cha mchana ambacho chakula kilikuwa kidogo na pombe nyingi. Mjini walimwita Bwana Vigae.

Hakimu alimpa miaka mitatu. Mama Nyaya alishusha pumzi, kumbe kapumua mapema. Kifungo kiliahirishwa. Kwa miaka miwili gari la Bwana Vigae lingefungwa kifaa cha kupima pumzi, naye asingeliwasha mpaka apulize na pumzi yake iwe safi. Kifaa kingepiga picha ya mpulizaji na kuweka kumbukumbu, gereji iliyosajiliwa ingezisoma kila mwezi, na akipuliza ulevi mara moja tu ndani ya miaka hiyo miwili, ile miaka mitatu ingeamka na kumchukua. Bwana Vigae alimshukuru hakimu kwa kuinama. Muda wote wa kesi alikaa benchi la mbele na hakugeuka nyuma hata mara moja. Kwa hiyo hakumwona mwanamke wa benchi la mwisho aliyekuwa akiviringisha futi ya manjano mkononi, anaikunjua, anaiviringisha tena.

Na ndiyo maana, mwezi uliofuata, alipoletwa kwenye gereji ile ile iliyosajiliwa kufunga vifaa hivyo, alimpa Mama Nyaya mkono na kusema, "Fundi, nifungie vizuri, mimi nimeshaokoka na pombe." Alimpa mkono! Mama Nyaya aliushika, akaenda kuunawa kwa sabuni ya grisi mpaka ngozi ikamuuma. Angeweza kumwambia msimamizi wa gereji kwamba kazi ile haimfai, apewe mtu mwingine. Hakusema. Aliichukua kazi ile kama mtu anavyochukua dawa yake.

Gerejini kifaa kile walikiita filimbi, kwa kuwa unakipuliza. Na sheria yenyewe, haki isemwe, ilipoanza ilitisha. Askari wa barabarani walitokea kila kona na vipimo vyao, leo sokoni, kesho penye hospitali, keshokutwa hujui wapi. Wanaume wazima walianza kunywa soda harusini. Waliozoea kuendesha wamelewa waliacha magari nyumbani, wakarudi kwa teksi wakiimba kwenye viti vya nyuma. Ajali zilipungua, hata gereji iliona. Paneli za mbele zilizopondeka zikawa chache. Baada ya miezi sita askari wakachoka. Wakawa wanasimama sehemu moja tu, kabla ya daraja, Ijumaa jioni, na kila mlevi wa mji akaijua njia ya kulizunguka daraja.

"Faini ni ile ile, jela ni ile ile," msimamizi wa gereji alimwambia siku moja, amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inaonekana. Walimwita Babu Jeki. "Mtu haogopi ukubwa wa adhabu, Mama Nyaya. Anaogopa kukamatwa. Akijua hakamatwi, hata umwandikie kunyongwa atakunywa tu."

"Huyu wangu atakamatwa," alisema Mama Nyaya.

"Yupi huyo wako?"

"Nipe bisibisi hiyo."

Kila mwisho wa mwezi Bwana Vigae alikuja. Anapewa kiti, anapewa maji, anaambiwa bosi wangu habari za biashara. Mama Nyaya anaunganisha kompyuta kwenye filimbi, anachapa karatasi. Pumzi safi zinatoka kwa wino mweusi, pumzi za ulevi zinatoka nyekundu. Naye moyo unamdunda kama wa mtu anayesomewa matokeo ya mtihani. Nyeusi, nyeusi, nyeusi. Karatasi ya kwanza safi, ya tano safi, ya kumi na mbili safi. Alimchukia kwa kila mstari mweusi. Mtu huyu kabadilika kweli? Kapungua tumbo, kanawiri, anasema "Mungu mkubwa" kila anapotia sahihi. Sheria imemgeuza mwema, na binti yake yuko chini ya udongo. Usiku mmoja Mama Nyaya alijikuta anamwomba Mungu amrudishie Bwana Vigae kiu. Aliona aibu, kisha akaomba tena.

Basi mwezi wa nne, ilipobaki miezi mitano amri ile iishe, Bwana Vigae alilalamika kwamba gari lake linapiga kelele gurudumuni. Mama Nyaya alilinyanyua kwa jeki, akatoa gurudumu, akachuchumaa.

Diski ya breki ilikuwa na kutu. Kutu nene, ya rangi ya chungwa, imekula mpaka katikati. Gari linaloendeshwa kila siku diski zake hung'aa, breki zenyewe ndizo huzisugua. Akapapasa tairi, akakuta pamekuwa bapa pale liliposimamia. Nyuma ya gurudumu buibui alikuwa ametanda utando wake, na mayai kabisa.

Alichukua karatasi kumi na tisa akazisoma upya, safari hii siyo kutafuta wino mwekundu. Hapo ndipo alipojiita mjinga kwa sauti. Kila siku saa moja asubuhi, pumzi safi, injini inawaka dakika kumi na mbili, inazimwa. Hakuna zaidi, ila safari moja ya kuja gerejini kila mwisho wa mwezi. Miezi yote hiyo alikuwa anatafuta makosa kwenye karatasi, na kosa lilikuwa ule usafi wenyewe. Bwana Vigae alikuwa anaamka, anaoga, anapuliza, anaacha gari lingurume uani huku anakunywa chai. Filimbi ilifungwa kwenye gari. Mtu mwenyewe yuko huru.

"Ni nini, fundi wangu?" Bwana Vigae aliuliza kutoka kitini.

"Kokoto tu, bosi. Imeingia kwenye breki."

Jumamosi hiyo, wiki ya pili ya mwezi wa nne, alikwenda kusimama ng'ambo ya duka la vigae, penye kibanda cha vocha. Hakusubiri sana. Saa tisa na nusu alasiri Bwana Vigae alitoka kwenye baa iliyopakana na duka, uso unawaka, anamsindikiza rafiki yake kwa kicheko, akaingia kwenye pikapu nyeupe ya dukani. Aliirudisha nyuma, akakwaruza ndoo ya maua, akaondoka. Pikapu ile iliandikishwa kwa jina la mkewe. Mama Nyaya aliliona jina ubavuni, chini ya picha ya sinki. Aliona pia kwenye dashibodi begi dogo jekundu. Begi ni begi, alijiambia. Alikuwa na furaha mno ya kuanza kuuliza maswali kuhusu mabegi.

Jumatatu alikwenda kwa afisa anayefuatilia vifungo vya nje, dada mmoja mchapakazi ambaye meza yake haikuonekana kwa mafaili. Mama Nyaya alijifanya anauliza habari za mteja asiye na jina.

"Amri inataja namba ya gari moja," afisa alisema. "Akiendesha jingine, kwa hilo peke yake siwezi kumfunga. Ila akipuliza ulevi kwenye filimbi yoyote, ya gari lolote, na picha yake ipo, hapo amevunja masharti. Anaingia ndani moja kwa moja."

"Na hilo gari jingine likitaka kufungwa filimbi?"

"Mwenye gari atie sahihi, basi. Lakini mama, kama kuna mtu unamjua, niandikie barua leo hii. Nitamwita yeye na mwenye gari, nimwonye, tulifunge na hilo. Kesho haendeshi tena amelewa."

Mama Nyaya alisema hakuna mtu, anauliza tu.

Alitembea mpaka gerejini kwa miguu, na njia nzima alibishana na maneno yale. Akionywa ataacha. Miezi mitano atakaa kimya kama maji ya mtungini, amri itaisha, atampa hakimu mkono, atakwenda zake. Na yeye hakutaka aache. Tuseme ukweli ulivyo: alitaka aanguke. Alitaka alewe, apulize, apigwe picha, afungiwe mlango wa chuma mgongoni. Binti yake hakuonywa na mtu.

Kwa hiyo hakuandika barua. Alitega. Kila Bwana Vigae alipokuja, alimuulizia pikapu. "Bosi, ile ya dukani nayo iletwe, nitaiangalia bure, wewe si mteja wa siku zote?" Mwezi wa tano akaambiwa ina kazi. Mwezi wa sita akaambiwa ni nzima. Mwezi wa saba Bwana Vigae alicheka akasema, "Fundi, unaipenda sana pikapu yangu, nikuoze?" Mama Nyaya naye alicheka. Jumamosi moja moja alikwenda tena penye kibanda cha vocha kuhakikisha samaki bado yumo majini. Alikuwemo. Alilewa kwa saa maalumu, kama mtu anayekwenda kazini. Na mara zote kwenye dashibodi lilikuwepo lile begi jekundu, na mara zote Mama Nyaya alitazama pengine.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane, zikiwa zimebaki wiki tatu tu, Jumatano asubuhi, pikapu nyeupe iliingia gerejini yenyewe. Aliyekuwa usukanini alikuwa mke.

"Shikamoo, mama," alisema. Alikuwa mwembamba, amejitanda mtandio, macho ya mtu asiyelala vizuri. "Taa za nyuma haziwaki."

"Marahaba, mwanangu. Kaa hapo kivulini."

Taa zilikuwa fyuzi tu, kazi ya dakika mbili. Mama Nyaya alizifanyia nusu saa, anatafuta maneno. Alipoyapata aliyasema huku amempa mgongo, anapima waya kwa ile futi ya manjano.

"Wenye maduka siku hizi wanafunga filimbi kwenye magari ya kazi. Dereva akiwa na pombe, gari haliwaki. Ninayo moja hapa, sikutozi. Unatia sahihi tu."

"Anapuliza kila mtu?"

"Kila anayekaa kwenye usukani. Hata akiwa nani."

Mke aliitazama futi, akamtazama Mama Nyaya, akaitazama tena futi. Halafu akanyoosha mkono. "Nipe kalamu," alisema. Alitia sahihi kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka.

Jumatatu pikapu ilirudi inavutwa kwa mnyororo nyuma ya lori la Babu Jeki. Filimbi ilikuwa imejifunga yenyewe, kama inavyofanya ikichokozwa mno. Mama Nyaya aliunganisha kompyuta. Mistari ikaanza kutoka.

Nyekundu.

Jumamosi, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Mwanamume alikuwa amepuliza mara kumi na moja! Kiburi kilimdanganya kwamba kesi yake iko kwenye gari lile jingine lililolala uani. Mama Nyaya alifungua picha moja moja, kama mtu anayemenya chungwa alilolisubiri mwaka. Kwenye ya kwanza Bwana Vigae alikuwa anacheka. Kwenye ya tatu amekunja uso. Ya tano amefuta mdomo kwa leso. Ya saba kafumba macho, mashavu yamevimba, anapuliza kama anapuliza moto wa kuni mbichi. Mama Nyaya alicheka mpaka Babu Jeki akaja kuchungulia.

"Imekuwaje?"

"Nimempata," alisema. "Babu Jeki, nimempata, nimempata."

Akafungua ya tisa.

Aliyepuliza hakuwa Bwana Vigae. Alikuwa msichana wa miaka saba hivi, amepakatwa, amevaa sare ya masomo ya Jumamosi, kamba ya begi jekundu begani. Mkono wa mwanamume ulimshika kisogoni, umemsogeza kwenye filimbi. Alikuwa amejitahidi, mtoto yule. Macho yamemtoka kwa jitihada. Pembeni mashine ilikuwa imeandika: pumzi haitoshi.

Mama Nyaya aliifunga picha ile haraka. Alichapa karatasi zote, akaweka ya tisa chini kabisa ya bahasha, akapeleka kwa afisa kabla ofisi haijafungwa.

Alhamisi kesi ilichukua robo saa. Safari hii Mama Nyaya alikaa benchi la mbele. Hakimu alipotamka kwamba kifungo cha miaka mitatu kinaanza leo, Bwana Vigae aligeuka kumtafuta mkewe, na kwa mara ya kwanza macho yake yakamkuta Mama Nyaya mahali anapostahili kuonwa.

"Fundi?" alisema, amechanganyikiwa. "Unafanya nini huku?"

Neno hili alikuwa amelilalia na kuliamkia karibu miaka miwili. "Mimi ni mama yake," alisema.

Alimwona akielewa. Ilichukua muda kidogo, kisha rangi ikamtoka usoni, akafungua mdomo, na askari akamshika mkono. Kilikuwa kitamu. Asikudanganye mtu kwamba kisasi hakina ladha. Kilikuwa kitamu mpaka machozi yalimtoka, na aliyaacha yatiririke mpaka mlango wa pembeni ulipofungwa.

Kwenye korido mke alikuwa anamngoja. Amemshika binti yake mkono, begi jekundu liko mgongoni mwa mtoto.

"Samahani, mwanangu," alisema Mama Nyaya. "Sikukwambia mimi ni nani."

"Nilikujua, mama. Nilikuona siku ile ya kwanza, benchi la nyuma, na hiyo futi. Mimi niligeuka." Alisema taratibu, kama mtu anayejipanga asilie mbele ya mtoto. "Siku moja nilimfuata gerejini, nikakuona unapimia waya. Sikumwambia, angehamia gereji nyingine. Nyumbani nilikuwa namwogopa, na huko polisi yeye alikuwa na marafiki. Nilikuwa najiambia, yule mama anasoma karatasi zake kila mwezi. Siku akigundua, hatanyamaza hata saa moja. Watu wote wanaweza kunyamaza, yule hawezi. Halafu nikaona siku zinaisha na bado hujagundua. Ndiyo nikatoa fyuzi, nikakuletea."

Futi ilikuwa mkononi mwa Mama Nyaya, imeviringishwa nusu.

Yule mwanamke alikuwa ameanza kuondoka. Kisha akasimama, kuna kitu kimempita kichwani. "Ulikuwa na filimbi tayari imewekwa pembeni," alisema. "Hukuniuliza nani analewa. Mama, ulijua tangu lini?"

Angeweza kusema Jumatano. Hakuna karatasi yoyote iliyosema vingine, afisa mwenyewe alikumbuka swali tu la mteja asiye na jina. Lakini mtoto alikuwa anamtazama, kwa macho yale yale ya picha ya tisa.

"Tangu mwezi wa nne," alisema. "Wiki ya pili."

Mke alishusha macho. Vidole vyake vikaanza kutembea juu ya bega la binti yake, kimoja kimoja, midomo inacheza bila sauti. Mama Nyaya alijua anachohesabu, na alijua jibu, kwa kuwa usiku wa Jumatatu alikuwa amelihesabu mwenyewe gizani, akalihesabu tena akitumaini amekosea.

"Jumamosi kumi na sita," alisema yule mwanamke. "Alikuwa anamchukua masomoni kabla ya kupitia baa, mama. Kila Jumamosi. Mtoto alikuwa amekaa mbele."

Akamgeuza mtoto, wakashuka ngazi. Barabara ya chini ilikuwa na mistari myeupe, na Mama Nyaya alisimama dirishani akawatazama mpaka wakavuka wote wawili, wazima.